Nani Atapiga Simu Mgonjwa Akijibu "Shida"?

Kuna ujumbe wa simu ninaoufikiria mara nyingi kuliko aplikesheni yoyote ya afya ya akili niliyowahi kusoma habari zake. Ulisema "Mambo?", basi. Kila wiki manesi wa kliniki tatu nchini Kenya waliutuma kwa wagonjwa walioanza dawa za ARV. Mgonjwa alitakiwa kujibu ndani ya saa 48: "Sawa" au "Shida". Aliyejibu "Shida" alipigiwa simu na nesi. Aliyekaa kimya naye alipigiwa. Utafiti huo, uliochapishwa na jarida la Lancet mwaka 2010, ulikuwa na watu 538 waliogawanywa kwa bahati nasibu, kundi moja likitumiwa ujumbe na jingine likiendelea na huduma ya kawaida. Baada ya mwaka mmoja, asilimia 62 ya waliotumiwa ujumbe walisema wanameza dawa inavyotakiwa. Kwa wenzao ilikuwa asilimia 50. Vipimo vya damu navyo vilikubali: virusi vilikuwa vimefubazwa kwa asilimia 57 ya kundi la kwanza, na 48 ya kundi la pili.

Huo ni utafiti wa VVU, si wa afya ya akili. Lakini tangu niusome nimekuwa nikiutumia kupimia kila ninachosikia kuhusu teknolojia na magonjwa ya akili, na hapa Mbeya siku hizi tunasikia mengi. Vijana wa vyuo wanabuni aplikesheni za kumpima mtu sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito. Wengine wanaizungumzia akili mnemba (AI) itakayofanya kazi ya mwanasaikolojia. Mimi swali langu halibadiliki: mgonjwa akijibu "Shida", nani atapiga simu? Na salio litatoka wapi?

Nauliza kwa sababu nina mdogo wangu mwenye skizofrenia, ugonjwa wa akili unaoweza kumfanya mtu asikie sauti ambazo wengine hawazisikii. Amenikubalia niandike habari zake bila jina lake. Aliugua akiwa chuoni. Tukapita njia ambayo familia nyingi za huku hupita: maombi kwanza, kisha kwa mganga, kisha hospitali. Leo anaishi Busokelo na mama yetu, anahudumia migomba, anaimba kwaya. Anachomwa sindano kila mwezi. Inampa usingizi, inazinyamazisha zile sauti, na inamnenepesha, jambo asilolipenda na ambalo hulisema kila anapofika kliniki. Kliniki yenyewe iko Mbeya mjini. Anatoka Lwangwa, huko huko Busokelo, mpaka Tukuyu, anaunganisha gari mpaka stendi ya Mbeya, halafu bodaboda. Mvua za Rungwe zikikolea, safari hiyo hula siku nzima, pamoja na nauli ambayo mama angenunulia mbolea. Kwa hiyo kuna miezi anaruka.

Na ugonjwa unaporudi haurudi ghafla. Huanza na usingizi. Anaamka saa nane usiku, anafagia uwanja. Baada ya siku chache anaanza kuonja chakula kwa wasiwasi, kisha anazima simu, kisha haendi mazoezi ya kwaya. Mama anaiona njia yote hiyo mapema, wiki nzima au zaidi kabla mtu mwingine hajaona chochote. Lakini hana wa kumwambia. Namba tuliyonayo ya hospitali ni ya mapokezi, na anayepokea hujibu kwa heshima kwamba mgonjwa aletwe. Hakuna namba ya kupiga ukasema: usingizi wake umeharibika tangu juzi, tumlete au tusubiri? Tunasubiri, kwa sababu ya nauli. Tukija kumleta, analetwa na wanaume wanne.

Nimesoma tafiti nyingi za teknolojia za kutibu magonjwa ya akili, na iliyonigusa kuliko zote haikutoka Marekani wala Uingereza. Ilifanyika vijijini Liuyang, mkoa wa Hunan, China, na matokeo yake yakachapishwa mwaka 2019. Wanakijiji 278 wenye skizofrenia waligawanywa makundi mawili. Wote walikuwa kwenye mpango wa serikali wa kupewa dawa bure. Kundi moja liliongezewa ujumbe mfupi wa simu: wa kukumbusha dawa, wa kuelimisha kuhusu ugonjwa, na wa kufuatilia dalili za ugonjwa kurudi. Ila ujumbe haukwenda kwa mgonjwa peke yake. Kila mgonjwa alikuwa na msaidizi wake, aghalabu ndugu wa nyumbani, naye alitumiwa ujumbe, akafundishwa dalili za kuangalia, na taarifa zake zikaunganishwa na daktari wa kijiji. Baada ya miezi sita watafiti walikwenda nyumba kwa nyumba bila kutoa taarifa na kuhesabu vidonge vilivyobaki. Waliokuwa na mfumo wa ujumbe walikuwa wametumia asilimia 61 ya dawa zao. Wengine asilimia 48. Ugonjwa uliwarudia wachache zaidi, na waliolazwa tena hospitali walipungua sana.

Niliposoma habari za wale wasaidizi nilimwona mama yangu. Mtu anayelala chumba cha pili, anayesikia ufagio saa nane za usiku. Huyo ndiye kipimo bora kuliko saa yoyote ya mkononi inayohesabu usingizi, na utafiti wa Liuyang ulifanya jambo rahisi la kumuingiza kwenye mfumo. Kwetu hata kwenye kadi ya kliniki haandikwi, isipokuwa kwenye mstari wa "ndugu wa karibu", ambao husomwa mgonjwa akishafariki au akitoroka.

Lazima niseme kidogo kuhusu huku kwetu kwa msomaji asiyepafahamu. Nyanda za Juu Kusini ni nchi ya milima na umbali. Mtu wa Makete, wa Ileje au wa Ludewa ana safari ngumu kuliko ya mdogo wangu. Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Mbeya inategemewa na mikoa kadhaa, na tangu enzi za ukoloni kesi nzito zimekuwa zikisafirishwa mpaka hospitali ya magonjwa ya akili ya Mirembe, Dodoma. Halafu kuna VVU. Utafiti wa kitaifa wa 2022 na 2023 ulikuta maambukizi kwa watu wazima Njombe yako asilimia 12.7, ya juu kuliko mkoa wowote nchini, Iringa ikifuata. Sonona huwapata zaidi watu wanaoishi na VVU, na mtu mwenye sonona huacha dawa kwa urahisi zaidi. Kwa hiyo CTC, yaani kliniki ya wanaoishi na VVU, ya Makambako mkoani Njombe ina wagonjwa wa afya ya akili ndani yake, hata kama mlangoni hapajaandikwa hivyo.

Tuje sasa kwenye aplikesheni. Wazo lenyewe ni la zamani. Mwaka 1966 Joseph Weizenbaum wa chuo cha MIT, Marekani, alichapisha programu aliyoiita ELIZA, iliyomrudishia mtu maneno yake yakiwa maswali, kwa mtindo wa mwanasaikolojia anayesikiliza. Katibu muhtasi wake, aliyekuwa amemwona akiitengeneza na kujua ni mashine tu, alianza kuchati nayo, kisha akamwomba Weizenbaum atoke chumbani. Jambo hilo lilimtia hofu, na miaka yake iliyofuata aliitumia kuonya watu. Mimi naliona kwa upande wa yule dada. Alikuwa na jambo moyoni, na hapakuwa na mtu wa kumsikiliza bila kumhukumu. Kiu hiyo ni ya kweli, na iko Mwanjelwa kama ilivyokuwa Marekani.

Baada ya hapo zilikuja programu za kompyuta zinazofundisha tiba ya fikra na mwenendo: mtu anajifunza kuyakamata mawazo yanayomzamisha, kuyahoji, na kurudia shughuli alizoziacha. Australia walizindua MoodGYM mwaka 2001. Uingereza, mwaka 2006, chombo cha serikali kinachoamua tiba gani zitumike kilikubali programu iitwayo Beating the Blues kwa watu wenye sonona. Majaribio ya mwanzo yalionekana mazuri. Kisha watafiti wa huko huko wakafanya jambo ninaloliheshimu sana: wakaenda kuzipima programu hizo katika vituo vya kawaida vya afya, kwa wagonjwa wa kawaida. Watu 691 walishiriki. Mwaka 2015 matokeo yalitoka: kuongeza mojawapo ya programu hizo juu ya huduma ya kawaida ya daktari hakukuleta tofauti ya maana. Sababu moja inayoelekea ni hii. Waliomaliza masomo yote ya programu hawakufika mmoja kati ya watano.

Fikiria sonona yenyewe ilivyo. Mtu hawezi kuamka kuoga. Anaona kila kitu hakina faida. Halafu unampa masomo ya kusoma peke yake kwenye kioo, wiki baada ya wiki, na kumtaka ajisukume mwenyewe. Unamdai kile kile ambacho ugonjwa umemnyang'anya.

Kwenye simu hali ni hiyo hiyo. Mwaka 2019 watafiti walichunguza matumizi ya aplikesheni 93 za afya ya akili zilizopakuliwa na watu wengi. Kwa aplikesheni ya katikati ya orodha, baada ya siku 30, waliokuwa bado wanaifungua walikuwa asilimia 3.3. Ukisikia kwamba aplikesheni fulani imepakuliwa na watu laki moja, piga hesabu hiyo kwanza, ndipo upige makofi.

Sisemi kwamba teknolojia hizi hazifanyi kazi. Zinafanya, na ushahidi ni mwingi. Mwaka 2021 ulichapishwa uchambuzi uliokusanya taarifa za washiriki zaidi ya 8,000 kutoka majaribio mbalimbali ya tiba ya sonona kwa intaneti. Kwa watu wenye dalili nyepesi, programu peke yake na programu yenye mtu wa kumfuatilia mgonjwa zilikaribiana. Kwa wenye dalili za kati na nzito, ile yenye mtu nyuma yake ilishinda. Mtu huyo si lazima awe daktari bingwa. Mara nyingi kazi yake ni kupiga simu, kuuliza umefikia wapi, kutia moyo, kujibu swali.

Huo ndio ushahidi unaotuhusu, maana wataalamu hatunao wa kutosha, lakini watu wa kupiga simu tunao. Brazili na Peru walijaribu hivyo. Wagonjwa wa shinikizo la damu au kisukari waliokuwa pia na sonona walipewa programu ya wiki sita kwenye simu, na manesi au manesi wasaidizi wa vituo vile vile wakawa wanawafuatilia. Sao Paulo walikuwa watu 880, Lima 432. Baada ya miezi mitatu, Lima asilimia 52.7 dalili zao zilikuwa zimepungua kwa nusu au zaidi, wakati kwa wasiopewa ilikuwa asilimia 34.1. Sao Paulo 40.7 dhidi ya 28.6. Ni matokeo ya kufurahisha. Lakini ilipofika mwezi wa sita tofauti hiyo haikuonekana tena kwa uhakika, nchi zote mbili. Wiki sita ziliisha, simu za nesi zikaisha, na maisha yakaendelea. Nasikitika kwamba habari za tafiti hizi huishia mara nyingi kwenye mwezi wa tatu.

Kuhusu akili mnemba nitakuwa mfupi, ingawa ndiyo inayozungumzwa zaidi. Mwezi Machi 2025 watafiti wa chuo cha Dartmouth, Marekani, walichapisha jaribio la roboti ya mazungumzo waliyoiita Therabot. Watu 210, wiki nne. Kwa wenye sonona dalili zilishuka kwa wastani wa asilimia 51. Ni hatua kubwa, sitaidharau. Ila kundi la kulinganishwa lilikuwa la watu waliokuwa wakisubiri zamu tu, na watafiti walikuwa wakifuatilia mazungumzo hayo ili kuingilia kati hatari ikitokea. Yaani hata pale mtu alikuwepo. Mwanafunzi wa pale Iyunga anayechati na roboti ya bure usiku wa manane, baada ya kukosa mkopo au kuachwa na mpenzi, hana mtafiti nyuma yake. Akiandika kwamba amechoka kuishi, hakuna anayejua yuko hosteli gani.

Kuna na jambo la lugha. Mdogo wangu akiwa mzima anazungumza Kiswahili kizuri cha shule. Ugonjwa ukipanda, Kiswahili huondoka. Hubaki Kinyakyusa, na kile cha bibi, chenye maneno ambayo hata mimi huyauliza kwa mama. Sidhani kama kuna roboti iliyofundishwa lugha hiyo, na hata ikifundishwa, mama atahitaji kuamua kama maneno yale ni ya ugonjwa au ni ya hasira za haki. Yeye huamua kwa kumtazama machoni.

Sasa faragha, yaani siri za mgonjwa, ambazo wabunifu wengi huziwekea ukurasa mmoja wa masharti mwishoni. Nyumba nyingi huku simu ni moja, au ni mbili na mume anazijua namba za siri za zote. Ujumbe unaosema "Umemeza dawa zako za sonona?" ukisomwa na shemeji au mwenye nyumba, umeshamtangaza mtu. Hapa ndipo ninapozidi kuwapenda wale manesi wa Kenya. "Mambo?" anaweza kuituma yeyote. Hata ikisomwa na kijiji kizima, hakuna siri iliyotoka. Aliyeibuni alijua maisha ya watu yalivyo.

Siri ikivuja kwa wingi, madhara yake hayarekebishiki. Finland, nchi yenye mifumo mizuri kuliko yetu, mwaka 2020 ilikuta kumbukumbu za wagonjwa wa kampuni ya tiba ya kisaikolojia ya Vastaamo zimeibwa. Watu zaidi ya 30,000, na mambo waliyomweleza mtaalamu wao chumbani. Mwizi aliwaandikia wagonjwa mmoja mmoja akiwadai pesa. Sisi tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika 2023, na nafurahi kwamba ipo. Lakini tunayo pia Kanuni ya Adhabu, ambayo kifungu chake cha 217 kinafanya kujaribu kujiua kuwa kosa la jinai. Kenya Mahakama Kuu yao iliamua Januari 2025 kwamba kifungu chao cha aina hiyo kinapingana na katiba. Kwetu, mtu anayeandika kwenye simu yake kwamba juzi alijaribu kujitoa uhai anaandika maelezo ya kosa. Mbunifu wa aplikesheni anayemwomba mgonjwa awe mkweli anatakiwa alijue hilo kabla hajaandika mstari wa kwanza wa programu, na sisi wengine tunatakiwa tulisemee mpaka libadilike.

Nimewahi kuulizwa na rafiki yangu anayefanya kazi ya maabara: kama una mashaka yote hayo, wewe ungefanya nini? Ningeanza na simu ya kitochi. Ningechukua kliniki moja ya afya ya akili, wagonjwa wake wote wa sindano za mwezi, na kwa kila mmoja ningemwomba ataje mtu wa nyumbani anayemwamini. Ujumbe ungekwenda kwa wote wawili kila wiki, maneno yasiyomtangaza mtu. Kwa asiyesoma, ingepigwa simu, kwa lugha ya nyumbani kwake. Upande wa pili angekuwepo mtu anayelipwa kwa kazi hiyo, mwenye salio la ofisi na muda uliotengwa, si nesi mwenye foleni ya watu arobaini anayeambiwa afanye na hili pia. Wahudumu wa afya ngazi ya jamii, ambao mpango wao wa kitaifa ulizinduliwa mwaka 2024, wangeweza kuwa miguu ya mfumo huo: "Shida" ikija kutoka Lwangwa, kuna anayeweza kufika nyumbani siku hiyo hiyo. Aplikesheni nzuri zaidi zingekuja juu ya msingi huo, hasa kwa vijana wenye simu janja na dalili nyepesi, maana kwao ushahidi upo.

Gharama kubwa ya mpango huu ni mshahara, na hapo ndipo huwa pagumu. Wafadhili hupenda kununua kitu chenye jina na nembo, kinachoweza kuonyeshwa kwenye skrini. Mshahara wa dada anayepiga simu kutoka chumba cha nyuma cha kliniki hauonyesheki. Tafiti nilizozitaja hapa, kuanzia Kenya mpaka Lima, zinaonyesha kwamba ndiye aliyebeba sehemu kubwa ya tiba.

Na watakaofanya utafiti wa namna hii huku kwetu, natamani watafiti wetu wenyewe wa Mbeya wawe mbele, nawaomba wasipime waliopakua, wala waliosema wamefurahi wiki ya nne. Wapime ni wangapi waliorudi kuchoma sindano mwezi wa tisa wa utafiti, hata katikati ya mvua. Wapime ni familia ngapi zilipiga simu usingizi ulipoanza kuharibika, na zikajibiwa na mtu. Wakati tunawasubiri, kliniki zinaweza kuandika namba ya nesi wa zamu kwenye kadi ya mgonjwa. Nafasi ipo, chini ya tarehe ya kurudi.